Mtoto wa Ughaibuni na TV ya Nyumbani: Ipi Inafaa, Ipi Itakuumiza

SEHEMU YA 1: Swali lilikotoka

 

Wiki hizi mbili nimeulizwa swali moja na mama watatu wanaoishi mbali. Mmoja yuko Muscat, mmoja Minnesota, mmoja Uingereza. Hawajuani kabisa, lakini swali ni lile lile: "Dada nesi, nataka wanangu waangalie TV ya Kiswahili kwa intaneti. Nilipie ipi ambayo haitanisumbua?"

Mwanzoni nilicheka. Mimi ni nesi, nakaa Bunju, kazi yangu ni sindano, dripu na kuandika mafaili. Mambo ya TV ni ya mafundi. Lakini nilivyowasikiliza vizuri nikaona wanachoogopa ni kitu kingine: watoto wao wanaisahau lugha, au hawajawahi kuwa nayo. Na mambo ya watoto ndiyo tunayoongea humu siku zote. Kwa hiyo nimekaa, nimeuliza wanaojua, nimejaribu mwenyewe, na nimeandika kwa sehemu saba. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

Mimi mwenyewe jambo hili liko ndani ya familia. Mdogo wangu anaishi Reading, Uingereza, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu nyingi za usiku. Mtoto wake wa kiume alikuja Bunju Desemba akiwa na miaka minne. Bibi yake alimsubiri kama mfalme, kamnunulia kuku, kamshonea kanzu. Kila akimwita "mume wangu, njoo ule," mtoto anamwangalia tu, kisha anamgeukia mama yake amtafsirie.

Usiku mmoja mama yake alikuwa kwenye msiba Tegeta, mtoto kalala na bibi. Saa nane za usiku kaamka analia. Anasema kwa Kiingereza kwamba sikio linamuuma. Bibi haelewi. Akadhani ni tumbo, akapasha mafuta ya nazi, akamkanda tumbo. Mtoto akazidi kulia, bibi akazidi kukanda. Mimi nilifika alfajiri kutoka zamu nikawakuta wote wawili wamechoka, na bibi naye analia. Aliniambia, "Mwanangu, mtoto ananiambia kitu na mimi sikijui. Damu yangu hii, na sikijui."

Sikio lilitibiwa, likapona. (Kwa faida ya wengine: mtoto akilalamika sikio, usimimine mafuta wala maji ya kitunguu ndani. Mlete hospitali atazamwe.) Lakini ile kauli ya mama haikunitoka. Ndiyo maana mdogo wangu aliporudi Reading alianza kutafuta TV ya nyumbani kwa nguvu zote, na ndiyo maana mengi nitakayowaambia hapa nimeyaona kwa karibu.

SEHEMU YA 2: TV inaweza nini, na haiwezi nini

Kabla hujatoa hela, lijue hili, maana wauzaji hawatakuambia.

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichukua watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa hivi. Kundi moja lilikaa na watu wanaozungumza Kichina, wakacheza nao na kuwasomea vitabu, mara 12. Kundi lingine likapewa Kichina kile kile kwa video. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama video hawakuonyesha kujifunza. Watu walewale, maneno yaleyale, lakini kioo hakikutosha.

Kwa hiyo mama usidanganyike kwamba utawasha TV, uende kulala baada ya zamu, na ukiamka mtoto anaongea Kiswahili cha Pwani. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa mtu anayemjibu. TV ni chumvi. Chakula ni wewe, baba yake, na bibi kwenye simu.

La pili ni muda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo hauna ruhusa maalumu kwa katuni za Kiswahili. Saa moja ni saa moja, hata kama wanaimba kuhusu embe.

Sasa fikiria. Kama una saa moja tu kwa siku, au nusu saa, unahitaji chaneli elfu tano za nini? Unahitaji vipindi vichache vizuri, vinavyofunguka kila siku bila kugandaganda. Hilo peke yake litakuokolea hela nyingi.

SEHEMU YA 3: Vilivyopo kihalali

Mama zetu walikuwa na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, na wengi wetu tumelelewa na hadithi zile. TV ilichelewa kutufikia sisi wa bara. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu 1973, huku Bara tukingoja mpaka 1994 zilipoanza za watu binafsi, ITV ikiwemo. Leo mtoto wa Reading anaweza kutazama ya kwetu akiwa kwenye kochi lao. Ni neema, tuitumie kwa akili.

Kwa watoto wadogo, pa kuanzia ni Ubongo. Hawa ni wa hapa hapa Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, inafaa zaidi watoto wa shule ya msingi. Akili and Me ni ya wadogo zaidi. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro, akilala anaota ndoto na kukutana na marafiki zake wanyama wanaomfundisha herufi, namba na rangi. Vipindi vyao vipo YouTube, vipo kwa Kiswahili, na hulipii. Hakikisha tu unachofungua ni cha Kiswahili, maana wana lugha kadhaa.

Kwa habari, TBC, ITV na vituo vingine vya nyumbani vina kurasa zao YouTube, wanaweka taarifa na vipindi. BBC Swahili na DW Kiswahili wapo pia. Hizi ni za mtoto mkubwa na wazazi, kwa mtoto wa miaka mitatu taarifa ya habari haina kazi.

Kwa mpira na tamthilia, Azam wana programu yao ya AzamTV Max, inayotumika bila dishi wala kisimbuzi. Hapa baba wa nyumba atainua kichwa. Mei 2021 Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za Ligi Kuu yetu, shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyelipa hela hiyo hawezi kumwachia kila mtu arushe Simba na Yanga bure. Ukiona mtu anakuuzia mechi hiyo kwa bei ya maandazi, jiulize kaipata wapi.

Neno moja la tahadhari: haki za kurusha hutolewa kwa nchi. Filamu au ligi ya Ulaya unayoiona ukiwa Bunju inaweza isifunguke ukiwa Muscat, ingawa programu ni ile ile na umelipia. Si kwamba wamekuibia. Kwa hiyo kabla ya kulipia, waandikie huduma kwa wateja: "Niko nchi fulani, nataka kipindi fulani, kinafunguka?" Subiri jibu la maandishi.

SEHEMU YA 4: Vile visanduku

Hapa ndipo watu wengi wanaumia.

Mdogo wangu kwenye sherehe ya kipaimara alikutana na kaka mmoja anauza kisanduku cha kuchomeka kwenye TV. "Dada, humu kuna chaneli zote za Tanzania, Kenya, Ulaya, sinema zote, mpira wote. Unalipa mara moja tu kwa mwaka." Akalipa, ikaingia kwenye akaunti ya mtu binafsi. Miezi mitatu mambo yalikuwa mazuri. Halafu siku ya watani wa jadi, nyumba imejaa wageni, pilau iko mezani, skrini ikawa nyeusi. Ile namba ya WhatsApp haikupatikana tena mpaka leo.

Hela ilimuuma, lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Wiki moja kabla ya hapo alimkuta mtoto ana rimoti, kabonyeza mara mbili tu kutoka chaneli ya katuni, kafika kwenye picha za wakubwa. Hakuna namba ya siri, hakuna kizuizi. Mtu anayeuza chaneli za wizi hawezi kukaa chini kuwaza mtoto wako ataona nini.

Kuna na la usalama. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti, visanduku vya TV vikiwemo, ambavyo vingine vinatoka kiwandani tayari vina virusi, au vinaambukizwa unapoweka programu walizokuelekeza. Wahalifu wanapata mlango wa kuingia kwenye mtandao wa nyumba yako, ule ule unaotumia kufungua benki na kumtumia mama hela ya dawa. Dalili walizozitaja ni hizi: kinakutaka uzime ulinzi wa Google Play, kinatangazwa kwamba kimefunguliwa na kinaonyesha kila kitu bure, kina jina la kampuni usiyoijua, na programu zake zinatoka sehemu zisizo rasmi.

Na sheria ipo. Uingereza, Mei 2023, wanaume watano walihukumiwa vifungo vya jumla ya zaidi ya miaka 30 kwa kuuza matangazo ya mpira ya wizi. Hao ni wauzaji, lakini wewe uliyeko ugenini kwa viza ya kazi, kwa nini ujiweke karibu na kesi kwa sababu ya TV?

SEHEMU YA 5: Maswali sita kabla ya kulipa

Sisi hospitali kabla ya kutoa dawa tunahakikisha: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Nimewatengenezea na nyie ya kwenu. Piga picha ya skrini uitunze.

Moja. Inapatikana kwenye duka rasmi la programu la simu au TV yako? Kama unatumiwa kiungo WhatsApp, acha.

Mbili. Mwenye mali anajulikana? Kampuni yenye ofisi, jina na huduma kwa wateja. "Kaka fulani anaiuza" si kampuni.

Tatu. Malipo yanaingia kwa kampuni au kwa mtu? Na unaweza kulipia mwezi mmoja ukaacha? Anza na mwezi. Anayekulazimisha mwaka mzima kwa siku ya kwanza ana haraka zake.

Nne. Kadi yako ya benki ya huko inakubalika, au mpaka ndugu wa Dar akulipie kwa simu? Kama ni ndugu, mpangilie mapema. Usimgeuze mama yako kuwa wakala wa kifurushi kila mwisho wa mwezi.

Tano. Kuna vipindi vilivyorekodiwa, au ni matangazo ya moja kwa moja tu? Hili nalieleza kwenye sehemu ya 6, ni kubwa kuliko unavyodhani.

Sita. Kuna ulinzi wa mtoto? Namba ya siri, sehemu ya watoto peke yake, matangazo ya biashara yakoje. Matangazo ya kubeti yamejaa kwenye michezo. Kwa YouTube, tumia YouTube Kids na uchague ile namna ya mzazi kuidhinisha vipindi mwenyewe. Na kwenye YouTube ya kawaida zima ile ya video kujifuata yenyewe, maana unaanza na Akili, ukirudi kutoka jikoni unakuta mtoto yuko kwenye kitu hata wewe hukijui.

SEHEMU YA 6: Saa, bando na ada

Saa. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku hapa Dar, Muscat ni saa 3 usiku. London ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Minnesota ni saa 5 asubuhi wakati wa baridi na saa 6 mchana kiangazi, mama uko kazini na mtoto yuko shule. Umelipia matangazo ya moja kwa moja unayoyakosa kila siku. Kwa familia ya Marekani, vipindi vilivyorekodiwa ndiyo mkombozi. Kwa Muscat saa zinakaribiana, ila kipindi cha usiku hapa kule kinamkuta mtoto anatakiwa awe amelala. Zima skrini angalau saa moja kabla ya kulala, tafadhali.

Bando. Netflix wanashauri kasi ya Mbps 3 au zaidi kwa picha ya HD ya kawaida, na Mbps 5 kwa HD kamili. Chukua hiyo kama kipimo chako hata kwa huduma nyingine. Kwa matumizi, wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na hadi GB 3 kwa HD. Mtoto akitazama nusu saa kila siku kwa ubora wa kawaida, mwezi unakula kama GB 15. Kama nyumbani una mtandao usio na kikomo, usihofu. Kama unatumia bando la simu, shusha ubora wa picha, katuni haihitaji HD. Na picha ikigandaganda, kabla hujailaumu huduma, sogeza kisambaza Wi-Fi karibu na TV, au chomeka waya. Mara nyingi tatizo ni ukuta.

Ada. Hili ni la Uingereza, na wengi hawalijui. Kule ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya TV, hata ya nchi nyingine, hata kwa intaneti, hata kama ni ITV yetu ya Mikocheni kupitia YouTube, unatakiwa kuwa na leseni ya TV. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Ukitazama vilivyorekodiwa tu, kama vipindi vya Akili vya YouTube, na hugusi BBC iPlayer, leseni haihitajiki. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mdogo anayetazama vya kurekodiwa tu anaweza kuwa halali kabisa bila kulipa chochote. Nchi nyingine zina taratibu zao, uliza kwa majirani wenyeji.

SEHEMU YA 7: Tunavyofanya sisi

Mdogo wangu sasa hana kisanduku. Ana TV yake ya kawaida yenye intaneti, ana YouTube Kids yenye vipindi alivyochagua mwenyewe, na msimu wa ligi ukianza analipia mwezi mwezi huduma halali kwa ajili ya mume wake. Ukipiga hesabu ya mwaka, ni chini ya alichompa yule kaka wa kipaimara pamoja na wageni walivyomchangia aibu.

Lakini kilichobadilisha mambo ni bibi. Jumamosi na Jumapili, saa 10 jioni ya Bunju, mimi au kijana wangu tunamfungulia mama kipindi kile kile kwenye simu. Dakika kumi na tano tu, kwa ubora mdogo, bando linatosha. Huko Reading mtoto naye anatazama. Kikiisha wanapigiana video. Bibi anauliza: "Haya mume wangu, yule mnyama mrefu anaitwa nani?" Mtoto anajibu: "Twiga." "Alikuwa anakula nini?" Hapo anakwama, anamwangalia mama yake. Mama yake kakatazwa kutafsiri. Wanasubiri. Mara nyingine kimya kinakuwa kirefu mpaka unamwonea huruma. Kisha linatoka: "Majani."

Ndicho alichokosa mtoto wa kwenye video ya Patricia Kuhl: mtu wa kumjibu. TV inaleta neno, bibi analiuliza, mtoto analitoa mdomoni. Bila bibi neno linapita tu.

Tulianza na wanyama, tukaenda chakula, sasa tuko kwenye viungo vya mwili. Hilo niliomba mimi, kwa sababu zangu za kinesi. Kichwa, macho, sikio, tumbo, mgongo. Bibi anamwambia "shika sikio," anashika. "Sikio linauma au haliumi?" "Haliumi, bibi." Mama akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Bado hajui Kiswahili. Nisiwadanganye. Anajua maneno, anajua kusalimia "shikamoo," anachanganya sana, na akikasirika anarudi kwenye Kiingereza chake. Miezi michache haiwezi kufanya kazi ya miaka minne. Ila sasa akipigiwa simu anaikimbilia, na Desemba akija tena atakuwa na maneno ya kuanzia.

Kwa hiyo mama wa Muscat, wa Minnesota, na wewe wa Uingereza, jibu langu ni hili: anza na vya bure vilivyo halali, lipia mwezi mmoja tu pale penye sababu, kaa mbali na visanduku, na kabla ya kutafuta chaneli ya pili, tafuta mtu wa upande huu wa kuongea na mtoto baada ya kipindi. Kama bibi hayupo, shangazi yupo, babu yupo, mama mkubwa yupo. Mtumie bando la elfu mbili, mpangie saa, mwambie maneno matano ya wiki.

Wiki ijayo nitaandika kuhusu homa za watoto wanaokuja likizo kutoka nje, malaria hasa, na nini ufanye kabla hujapanda ndege. Sasa nawahi daladala, zamu yangu ya usiku inaanza. Walaleni salama.